Diski Isiyo na Nyuzi

"Hamna kitu, afande."

Mtaalamu wa kompyuta wa kikosi alisema hivyo bila kugeuka, akachomoa flashi yake kwenye mashine na kuitia mfukoni. Saa ya ukutani katika chumba cha vielelezo ilionyesha saa mbili na robo, Ijumaa asubuhi. Mahakama ingekaa saa nane mchana.

"Hamna kitu vipi?" Inspekta aliuliza. "Imeungua? Imefutwa?"

"Haijaungua wala haijafutwa. Diski ni nzima. Ina programu mbili za kupimia mashine na nyimbo kumi na moja za dansi. Rekodi ya somo haimo na haijawahi kuwamo. Huyo Mwalimu wako kakudanganya."

"Si Mwalimu wangu."

"Wa nani basi? Tangu Jumatatu unanipigia simu kama vile nimekuibia mume."

Siku nyingine Inspekta angecheka. Jumamosi iliyopita, stoo ya shule ilikuwa imeteketea mchana kweupe. Mfagizi aliyekuwa ndani alitolewa mikono imeungua hadi viwiko, na bado alikuwa amelazwa. Mtunza stoo aliapa kwamba saa tisa kamili alimwona mwalimu wa fizikia akitokea mlango wa nyuma na dumu mkononi. Mwalimu alikamatwa jioni ile ile, na maneno yake yalikuwa yale yale tangu hapo: saa tisa alikuwa nyumbani kwa mama yake, nusu saa kwa gari kutoka shuleni, akirekodi somo la sauti kwa ajili ya mwanafunzi wake mmoja asiyeona. Rekodi imo kwenye kompyuta ya mezani ya nyumbani. Shahidi ni mama yake mzazi. Mwendesha mashtaka aliposikia hilo la mama alicheka hadi akavua miwani.

Kama saa nane ingefika bila kitu kingine, hakimu angempeleka Mwalimu gereza kuu kungoja kesi. Huko watu walikuwa wakingoja mwaka, hata miwili, watoto wao wakawasahau sura.

Inspekta hakuwa na sababu ya kisheria ya kumwamini. Alikuwa na hii tu: mwongo kila akirudia habari huongeza au hupunguza, na Mwalimu hakuwa amebadilisha hata nukta.

"Uliifungua mashine?"

"Ya nini? Nimeiwasha kwa flashi kwa mbele, nikasoma diski. Yenyewe imenizimikia mara tatu, lakini nimeisoma yote. Utepe wako sijaugusa. Umeufunga mwenyewe Jumatatu, sahihi yako hii hapa."

Kituoni, Inspekta aliitwa Kifuniko. Jina hilo alilipata zamani, kwa sababu hakuwahi kupita karibu na sanduku, boneti wala sufuria ya mtuhumiwa bila kufunua. Sasa aliutazama utepe mwekundu uliozunguka ubavu wa kompyuta, na kitu kikamkera ambacho hakukijua ni nini.

"Andika," alimwambia Mtaalamu. "Saa mbili na dakika ishirini na mbili, utepe umekatwa na aliyeufunga, mbele yako."

Akaukata. Bati la ubavuni lilitoka kwa kusuasua, na Mtaalamu akapiga chafya.

Ndani mlikuwa mmejaa nyuzi. Nyuzi za bluu, za rangi ya damu ya mzee, nyeupe, zimejisokota juu ya feni mpaka feni haionekani. Zililala juu ya waya, zikajaza pembe zote, zikashika kila mahali ambapo uzi unaweza kushika.

"Mama yake ni mshonaji," alisema Inspekta. "Sare za shule."

"Ndiyo maana inajizima. Feni imenyongwa. Joto likipanda, mashine inajikata yenyewe isiungue. Huo ndio ugonjwa wake wote, afande. Brashi na dakika kumi."

Inspekta hakumsikiliza. Alivaa glavu, akapitisha kidole juu ya diski. Akakitazama. Akapitisha tena upande wa chini. Glavu ilitoka safi.

"Njoo uone. Waya za diski zina nyuzi. Kibanio chake kina nyuzi. Diski yenyewe haina hata mmoja. Na skrubu?"

Mtaalamu aliinama. "Moja. Zinatakiwa nne."

"Mashine hii imekaa chumba cha cherehani miaka. Kila kilichomo kimevaa nguo ya mle ndani, isipokuwa hiki. Hiki kimeingia juzi."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Mtaalamu alimtazama usoni. "Mtu kabadilisha diski."

"Kati ya Jumapili asubuhi na Jumatatu saa kumi jioni, nilipoifunga mimi. Na walioishika katikati hapo ni watatu tu: mama yake Mwalimu, mjomba wake na fundi." Alikuwa tayari ameshaanza kuvaa koti.

*

Nyumba ya mshonaji ilikuwa kando ya barabara kuu, karibu kiasi kwamba lori likipita vioo vinatetemeka. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia na sketi za bluu zimetundikwa ukuta mzima. Pembeni palikuwa na meza ndogo, na juu yake mraba mmoja usio na nyuzi, mahali ambapo kompyuta ilikuwa ikikaa. Kipaza sauti kilikuwa bado kipo. Mwalimu alikivisha soksi ya mtoto ili kisichukue upepo.

Mama hakuacha kushona. "Nikiacha, mikono inatetemeka. Wewe uliza tu, mwanangu."

"Nieleze tena ilivyoharibika, mama."

"Jumamosi ilikuwa nzima. Karekodi, kamaliza, jioni mkaja kumchukua. Jumapili asubuhi nikasema niwashe, niitoe hiyo rekodi nimpelekee mkubwa wenu. Ikawaka, ikazima. Ikawaka, ikazima. Nikampigia mtoto wa dada yangu aliyeko chuo. Akaniambia, mama mdogo, zima halafu uwashe. Nikamwambia kuzima inazima yenyewe, mimi kazi yangu kuwasha tu! Jirani akasema ipige kofi ubavuni. Nikaipiga. Mwingine akaja, akasema ina virusi, nisiisogeze karibu na simu. Yaani siku ile mtaa mzima mafundi, na mwanangu yuko ndani."

"Halafu?"

"Halafu kaka yangu, mjomba wake Mwalimu, akasema anamjua fundi wanamwita Daktari. Akaibeba saa nne asubuhi."

"Saa nne. Una hakika?"

"Redio ilikuwa inasoma habari ya saa nne."

Inspekta alifungua faili lake. Kwenye nakala ya daftari la fundi paliandikwa: imepokelewa Jumapili, saa kumi na moja jioni. Kutoka hapa hadi kwa fundi ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na ukiwa na kompyuta begani, thelathini. Saa saba nzima zilikuwa zimeyeyuka.

"Hiyo kompyuta, saa yake ilikuwa sahihi?"

"Ile haijui saa. Kila ikiwashwa inasema ni mwaka ule ilipotengenezwa. Mwanangu huwa anacheka, ananiambia, mama, leo tena umerudi kuwa kijana." Cherehani ilisimama. Mama alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha bluu, akakikunja, akakiweka kwenye rundo la vipande. "Huwa ananiambia hivyo."

Gari la wagonjwa lilipita barabarani likipiga king'ora, vioo vikatetemeka, na Inspekta akaziba sikio la upande wa dirisha. Mama alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Hakuinua hata kope.

"Hukusikia, mama?"

"Nini?"

"King'ora."

"Ah, hivyo. Hospitali iko chini kule, zimamoto juu huku. Vinapita kutwa. Ningekuwa navisikiliza ningeshona saa ngapi?" Akakanyaga tena cherehani. "Utaipata hiyo rekodi?"

"Nitaitafuta mpaka saa nane, mama."

"Sikukuuliza kama utaitafuta."

Inspekta aliaga, akatoka haraka.

*

Saa nne na nusu alisukuma mlango wa kinyozi. Mjomba alikuwa amemnyoa mteja upande mmoja wa kichwa. Alipomwona Inspekta, mashine ya kunyolea ikayumba.

"Endelea tu," alisema Inspekta, akavuta kiti. "Jumapili uliichukua kompyuta kwa dada yako saa ngapi?"

"Saa... tisa. Tisa hivi."

"Dada yako anasema saa nne."

"Dada kachanganyikiwa, afande. Mtoto wake yuko ndani."

"Redio nayo imechanganyikiwa?"

Mjomba akazima mashine. Mteja, shuka limemfika shingoni, aliwatazama wote wawili kwenye kioo.

"Mtunza stoo wa ile shule ananyolewa wapi?"

"Watu wengi wananyolewa hapa."

"Nimeuliza mmoja."

"Hapa," alisema Mjomba. Jasho lilianza kumtoka juu ya mdomo. "Lakini afande, kunyoa mtu si kula naye njama."

"Saa saba umekaa na kompyuta ambayo ndiyo pumzi ya mpwa wako. Wanaomtaka gerezani wanakuja kukaa kwenye kiti chako. Mimi nimeifungua leo, nimekuta imetolewa moyo na kupandikizwa mwingine. Niambie ulikuwa wapi, au ukayasemee mahakamani saa nane, umesimama pembeni ya mtoto wa dada yako."

Mjomba aliuma mdomo. Alitazama mlango, akatazama sakafu yenye nywele, na hatimaye akasema kwa sauti ndogo sana:

"Usimwambie dada. Kulikuwa na fainali."

"Fainali."

"Ya mpira. Kwa rafiki yangu mwenye skrini kubwa. Ilianza saa nane."

"Na saa nne ulikwenda kufanya nini?"

"Kuwahi nafasi. Kwake ukichelewa unakosa hata pa kusimama."

"Ilikwenda mpaka dakika za nyongeza," mteja alisema kutoka ndani ya shuka.

Inspekta alimgeukia taratibu. "Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, afande."

"Kompyuta ilikuwa wapi?"

Mteja na kinyozi walitazamana kwenye kioo. "Viti havikutosha," alisema Mjomba. "Niliikalia."

"Uliikalia."

"Kwa heshima. Niliweka koti juu yake."

"Ukainuka mara ngapi? Chooni? Kununua maji?"

"Ningeinuka ningekuta mtu kaikalia!"

"Ni kweli," alisema mteja. "Mimi mwenyewe nilimwomba tupokezane kipindi cha pili. Akakataa katakata. Tulimwona mchoyo."

Inspekta alifunga daftari. Miaka ishirini na miwili kazini, hakuwahi kuona kielelezo kilicholindwa vizuri kiasi kile. Hasira ya kupotezewa saa nzima ilimpanda, na wakati huo huo alitaka kucheka, akajizuia kwa sababu ya mama aliyemwacha kwenye cherehani.

Nje simu ililia. Mkuu wa kituo. "Uko wapi? Mwendesha mashtaka anasema mashine haina kitu, tumalize."

"Nipe mpaka saa saba na nusu, mkuu."

"Saa saba na nusu uwe mlangoni pa mahakama, una kitu au huna."

Alibaki fundi mmoja. Inspekta alimkumbuka vizuri, yule mtu mwembamba ambaye Jumatatu alitetemeka mwanzo hadi mwisho na mara mbili alifungua mdomo akaufunga. Wakati ule aliona ni woga wa kawaida wa kuona sare. Sasa aliuona kwa jicho jingine, akaingia garini na kukanyaga mafuta.

*

Daktari alikuwa amekaa sakafuni mlangoni pa kibanda chake, juu ya katoni iliyokunjwa, kompyuta ya mtu katikati ya miguu na vifaa vyake ndani ya sinia. Wateja wawili walisimama juu yake. Inspekta aliona yote hayo bila kuyajali.

"Fundi. Inuka."

Alipomwona, fundi aliinuka akishikilia kiuno. Uso wake, jambo la ajabu, ulifurahi. "Afadhali umerudi, afande."

"Jumatatu ulifanya nini na kompyuta ya mshonaji? Kitu kwa kitu, usiruke."

"Nilimsikiliza mgonjwa kwanza. Anawaka, anazima, hapigi mlio wowote. Nikahisi joto. Nikafungua bati. Kabla ya kugusa kingine, nikatoa diski."

"Kwa nini diski, kama ugonjwa ni joto?"

"Ni utaratibu wangu, hata mashine iwe na ugonjwa gani. Diski ndiyo mali ya mtu. Picha za arusi, vyeti, kazi yake ya miaka. Mashine mbovu inaweza kuiua diski nzima. Kwa hiyo ya mwenyewe naitoa, naandika namba yake daftarini, naiweka pembeni. Nafunga ya kwangu ya majaribio, napima nayo, nasafisha, napima tena. Ya mwenyewe inarudi mwisho kabisa."

"Hiyo yako ya majaribio," alisema Inspekta polepole, "unaifunga kwa skrubu ngapi?"

"Moja. Si inatoka muda si mrefu?"

"Ina nini ndani?"

"Programu mbili za kupimia. Na nyimbo za dansi kumi na moja, za kupimia spika."

Gari lilipita, lingine likapita. Mmoja wa wateja alikohoa.

"Na ya mwenyewe iko wapi?"

Fundi alimtazama kama vile ameulizwa jina la mama yake. "Si ipo pale pale, afande?"

Akanyoosha bisibisi ndani ya kibanda. Hapo ndipo Inspekta alipoitazama meza. Ilikuwa meza ndefu, nzuri, yenye taa, na mbele yake pamefungwa kamba kutoka msumari hadi msumari. Kwenye kamba kilining'inia kipande cha karatasi kimeandikwa kwa mkono: POLISI. USIGUSE. Juu ya meza palikuwa na brashi mpya, kikombe cha chai kilichoota ukungu, skrubu tatu ndani ya kizibo cha soda, na kifuniko cha sufuria kimelala kifudifudi.

"Uliingia Jumatatu saa kumi, na askari wawili," alisema fundi. "Ukasema, mtu asiguse kitu chochote humu mpaka nirudi. Nikafungua mdomo nikueleze, ukasema, na mdomo ufunge, utaulizwa. Ukaifunika mashine bati lake, ukazungusha utepe, ukaondoka. Hukurudi."

"Siku zote nne..."

"Nafanyia kazi hapa chini. Mgongo umekwisha, wateja wananicheka. Lakini polisi ni polisi." Akapunguza sauti. "Kitu kimoja niligusa, sitaki kukuficha. Jioni ile niliifunika diski kwa hicho kifuniko. Vumbi la barabarani, afande. Kama ni kosa, unisamehe."

Aibu ilimpanda Inspekta mpaka masikio yakawaka. Watu walimpa jina kwa kufunua vifuniko, na siku moja tu aliyofunika bila kuchungulia, mtu alilala mahabusu kwa ajili yake. Alikuwa amewahi mno kuilinda ile mashine. Aliilinda dhidi ya kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe.

Hakukuwa na muda wa kujilaumu. Alipiga picha meza kutoka pembe nne, kamba na karatasi yake, kikombe na ukungu wake. Akavuka kamba, akainua kifuniko.

Diski ilikuwa juu ya karatasi safi. Kwenye pembe zake na matundu ya skrubu zilijibana nyuzi za bluu na za damu ya mzee. Alisoma namba ya kwenye lebo kwa sauti, tarakimu moja moja, na fundi akamfuatisha kwa kidole kwenye daftari lake, palipoandikwa Jumatatu saa tisa na nusu. Zilifanana zote.

"Ni nzima?"

"Mimi sijaiwasha, afande. Ulisema nisiguse."

*

Mtaalamu alifika kwa pikipiki saa sita na dakika ishirini, na kifaa cha kusoma diski bila kuandika chochote juu yake. Walikunja miguu sakafuni, pale pale kwenye katoni, kwa sababu Inspekta hakutaka meza iguswe hata sasa. Diski ilivuma. Mtaalamu alishusha pumzi.

"Inasoma. Na... ipo. Rekodi ya dakika arobaini na nne." Kisha akanuna. "Afande, tazama tarehe. Mwaka ule mashine ilipotengenezwa, Januari mosi."

"Saa yake haifanyi kazi. Mama yake alisema."

"Betri ya saa imekufa," alidakia Daktari. "Kitu kidogo kama kifungo cha shati."

"Kidogo au kikubwa, mwendesha mashtaka atasema kairekodi siku yoyote aliyoitaka. Tumeambulia patupu."

"Icheze," alisema Inspekta.

"Nitaruka kwenye..."

"Usiruke. Icheze yote."

Sauti ya Mwalimu ikajaa kibandani, tulivu, karibu sana. *Leo, binti yangu, tunasoma sauti.* Nyuma yake cherehani ilikuwa ikikimbia na kusimama, ikikimbia na kusimama. Alieleza mtetemo. Alieleza mwangwi. Dakika kumi. Ishirini. Saa sita na nusu ikapita, Inspekta akaona mkono wake unatoboa katoni kwa kalamu bila yeye kuutuma. Hapakuwa na kitu. Ni mtu anafundisha tu, kwa upendo, siku isiyojulikana.

Dakika ya thelathini na moja, kwa mbali, kikaanza king'ora.

*Sikiliza! Bahati iliyoje. Hilo ni gari la zimamoto linakuja. Sikia linavyolia kwa ukali... sasa limefika... na sasa, umesikia? Sauti imeshuka. Gari ni lile lile, king'ora ni kile kile.*

*Funga dirisha basi,* ilisikika sauti ya mama. *Jumamosi yote hii fizikia!*

*Mama, acha kwanza, ndilo somo lenyewe.*

Inspekta alikuwa ameshapiga magoti juu ya faili lake, akipekua. "Endelea. Tazama dakika. Usiache hata moja."

*Limekuja lingine!* alisema Mwalimu. Mtaalamu akasoma: dakika ya thelathini na nne. Kisha likaja la tatu, zito, la polepole, dakika ya arobaini.

"Thelathini na moja, thelathini na nne, arobaini," alisema Mtaalamu.

Inspekta akaipata karatasi aliyoitafuta, nakala ya daftari la kikosi cha zimamoto. Akaisoma polepole kwa sababu macho yalikuwa yakimruka. "Jumamosi. Gari la kwanza limetoka kituoni saa tisa na dakika kumi na moja. La pili, dakika kumi na nne. La tatu, la maji, dakika ishirini. Moto wa stoo ya shule." Akainua uso. "Magari matatu kwa mpigo. Daftari linasema mara ya mwisho yalitoka matatu ni miezi minane iliyopita. Yaliachana dakika tatu, kisha sita. Hapa je?"

"Tatu," alisema Mtaalamu. "Kisha sita."

"Kutoka zimamoto hadi nyumbani kwa mshonaji ni dakika mbili. La kwanza limepita dirishani saa tisa na dakika kumi na tatu. Rudisha nyuma dakika thelathini na moja."

Daktari alihesabu kwa vidole. "Saa nane na dakika arobaini na mbili alianza."

"Kwa hiyo saa tisa kamili, mtunza stoo alipomwona na dumu, alikuwa dakika ya kumi na nane, anaeleza mwangwi. Imekatwa mahali?"

"Haijakatwa. Cherehani haijaruka hata mshono."

Inspekta alisimama. Magoti yalimuuma na hakujali. Mtunza stoo, mwenye funguo zote za stoo ile, alikuwa na mengi ya kueleza.

*

Garini, saa saba na robo, Mtaalamu alisema akitazama nje:

"Kwenye maelezo unaweza kuandika tu kwamba diski ilipatikana kwa fundi. Si uongo. Mkuu hatauliza, na hutavuliwa nyota."

"Mwendesha mashtaka atauliza ilikaaje siku nne mezani kwa mtu, bila askari wala mhuri. Nitamjibu nini? Kinachoifanya iaminike ni kwamba nilikataza isiguswe, na yule bwana akatii kuliko hata tunavyotii sisi. Nikificha langu, nimeitupa diski."

Aliandika akiwa kwenye foleni ya magari, faili juu ya usukani, sahihi yake chini kabisa.

Mama alikuwa kwenye benchi la ukumbi wa mahakama, tepu ya kupimia bado ipo shingoni. Alisahau kuivua. Alipomwona alisimama.

"Umeipata?"

"Nimeipata, mama."

Mama alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mabega yalimtikisika. Kisha akafuta uso, na macho yakabadilika. "Nani aliificha? Nitajie, nimjue."

"Mimi, mama."

Akamweleza, bila kuzunguka. Kwamba Jumatatu aliifunga mashine bila kutazama ndani. Kwamba fundi alitaka kusema akamnyamazisha. Kwamba diski ilikuwa mezani siku zote hizo, na aliyeikataza isiguswe ni yeye. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akahesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi.

"Usiku nne mwanangu kalala kwenye saruji."

"Ndiyo, mama."

"Na ungeweza kuninyamazia."

"Ndiyo."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, jinsi anavyotazama mshono asioupenda. Karani akafungua mlango, akaita kesi.

"Basi ingia ukayaseme hayo hayo," alisema mama. "Na useme kwa sauti. Hakimu mtu mzima, asije akasikia nusu."

Inspekta aliapishwa saa nane na dakika tano. Mwendesha mashtaka aliinuka, akaitazama ile diski ndani ya mfuko wake, akauliza kwa upole uliojaa sumu kielelezo hicho kilikuwa wapi tangu Jumatatu. Kizimbani, Mwalimu alikuwa amevaa shati lile lile la Jumamosi. Uzi mmoja wa bluu ulikuwa bado umemshika begani.

"Kilikuwa pale nilipokiacha mimi," alijibu Inspekta, na sauti yake ikafika hadi benchi la mwisho.